Sari Ni Ile Ile, Blauzi Ndiyo Ilibadilika

Wengi wakielezea mitindo ya waigizaji wa kike wa filamu za zamani za Kitamil, lugha ya kusini mwa India, husimulia jinsi sari ilivyoipisha gauni fupi. Sikubaliani nao hata kidogo. Sari ilibaki palepale. Kilichokuwa kikibadilika ni blauzi, nywele na wanja, na ufundi wa studio za filamu za Madras, jiji ambalo sasa huitwa Chennai, ulikuwa humo.

Filamu ya nyeusi na nyeupe ilimnyima fundi rangi. Mtazame mwigizaji Savitri katika filamu zake za miaka ya 1950: utaona pindo la sari lililokoza likikata kitambaa cheupe, tone kwenye paji la uso, na wanja uliovutwa hadi nje ya kona ya jicho. Uso unasomeka hata ukiwa mbali. Rangi ilipoingia, kuanzia filamu ya *Alibabavum 40 Thirudargalum* ya mwaka 1956, hariri ya Kanchipuram, mji wa Tamil Nadu unaosifika kwa sari, ikapata nafasi ya kutamba.

Miaka ya 1960 ni ya mwigizaji B. Saroja Devi, na kwangu hakuna aliyemfikia. Nywele zilitunishwa juu ya utosi, blauzi ikabana mwili, mikono ya blauzi ikapanda. Wanawake waliiga sari zake, blauzi zake, vito vyake, hata namna alivyofunga nywele. Padmini, kwa upande wake, katika *Thillana Mohanambal* ya mwaka 1968, ni mcheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India: vito vya kichwani, mkanda wa kiunoni, asumini kwenye msuko, njuga miguuni. Lile ni vazi la kazi, naye alilivaa kama mtu aliyejifunza fani hiyo tangu utotoni.

Jayalalithaa, aliyeingia filamu za Kitamil mwaka 1965, ndiye hutajwa sana kwa sketi na nguo za Kizungu. Ni kweli alizivaa, tena zikampendeza. Lakini hata yeye, alipokuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kuanzia 1991, alijulikana kwa sari iliyofunikwa kwa joho fupi mabegani.

Siku hizi mtu akitaka sura ya zamani huchora wanja mrefu, basi. Mafundi wa mavazi wa *Mahanati*, filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha ya Savitri, walishughulikia kitambaa na mshono, wakapata Tuzo ya Taifa ya India. Anayetaka kuiga enzi ile aanze kwa fundi cherehani, apime mkono wa blauzi na shingo yake. Wanja aupake mwisho.