Boti Iliyozama Pasua

Moshi mjini hatuna ziwa. Shemeji yangu analijua hilo, kazaliwa hapa hapa, lakini alikwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kununua perege akarudi na boti.

Boti ya alumini, kuukuu, urefu mita nne na ushee, haina mashine. Kwa kuwa geti lake ni jembamba na dada yangu mdomo wake ni mpana, ikashushwa uani kwangu, Pasua. Kenta ilipokata kona nayo mgongoni, mzee mmoja wa kijiweni aliacha drafti akauliza kama kuna tangazo la hali ya hewa limempita.

Ugonjwa ulikuwa nyuma, pale panapofungwa mashine. Boti hizi ukiziona ni bati tupu, kumbe hapo tezini, katikati ya bati, pamefichwa plaiwudi. Maji hujipenyeza kwenye matundu ya boliti, plaiwudi inaoza taratibu, nje panang'aa tu. Fundi alichomeka bisibisi ikazama hadi mpini. Ikatoka na sisimizi.

Fundi wetu ni wa vitanda. Alichora umbo la ubao wa zamani kwenye boksi la televisheni, akaliangalia, akasema, "Mangi, hiki si kichwa cha kitanda tu?" Dukani shemeji akataka kununua zile mbao za kijani, za dawa, eti haziozi. Bahati aliyemuuzia boti alipokea simu: dawa ile ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Basi ikanunuliwa plaiwudi ya kuhimili maji, mbili za milimita 18, zigandishwe kwa epoksi, na kingo na matundu yote yapakwe epoksi hiyo hiyo. Klampu zilikuwa chache. Fundi akaweka gunia la mahindi katikati, na kwenye kona iliyobaki akamkalisha shemeji. Gundi ilishika vizuri sana. Ilishika plaiwudi, ikashika na suruali.

Lakini ubao ulikaa, na fundi huyo nitamtetea popote. Balaa lililetwa na ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha bati.

Boti ikishagongwa na mawimbi miaka mingi, ribiti hulegea zikapitisha maji. Kuzibaini si kazi: badala ya kupeleka boti majini, unapeleka maji kwenye boti. Unaweka kidogo, sentimita chache, unalala chini na chaki, unatia alama panapodondoka. Shemeji akafungulia mpira, akalala chini, hakuona tone. Akasema maji hayatoshi. Akauacha mpira ukimwaga, akaenda "mara moja" kuangalia kitimoto.

Sasa maji, lita moja ni kilo moja. Boti kama ile ikifika sentimita 30 imeshapita tani, na yetu ilikalia matofali ya kuchoma na tairi mbili za Noah.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba alikuwa na jumuiya. Viatu vimepangwa barazani, ndani wanaimba. Mimi niko jikoni. Nikasikia tofali, ta! Kimya. Halafu bati likaanza kulia. Mji wetu wote umeinamia kusini, mlima uko nyuma, na uwanja wetu umeinamia baraza ya mama. Boti ikateremka kinyumenyume, polepole, kwa adabu zote, ikagonga mgomba, ikalala ubavu, ikatapika.

Viatu ndivyo vilivyotangulia. Cha mwenyekiti wa jumuiya, cheusi, kimepigwa kiwi, kilipita mbele yangu kimesimama wima, soksi ndani, kama meli yenye abiria mmoja. Nyuma yake yeboyebo za watoto. Maji yakapita chini ya pazia, wimbo ukakatika katikati ya ubeti, sauti ya kwanza wote wakapanda kwenye makochi. "Yesu na Maria, bomba limepasuka!"

Shemeji akatokea, kijiti mdomoni. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye boti, akapitisha kiganja nyuma ya ule ubao.

"Shemeji, njoo ushike! Mkavu! Hata tone!"

Mama alitoka, khanga kaipandisha magotini.

"Baba," akamwambia kwa ile sauti ya upole ambayo sisi wapangaji tunaiogopa, "hebu kanisomee mita ya maji."

Alilipa maji, akalipa zulia. Kiatu cha kushoto cha mwenyekiti hakijaonekana, na shemeji anadai hakuna duka linalouza kimoja. Boti bado ipo, inasubiri mashine. Mama amenituma nimwambie kuwa siku ya kuiondoa asihangaike kutafuta vibarua: jumuiya nzima imejitolea kusukuma.