Ordonansi ya ndani ya simu: wazee wetu wanaiogopa juu ya nini?

Mama yangu ana miaka 71, ana tansiyo, na kila ordonansi aliyopewa, ile karatasi ya docta ya kununulia dawa, iko ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara nne. Juzi dada yangu alimwambia kule Ubelgiji docta haandiki tena kwa mkono, anapiga kwa ordinatere, mgonjwa anaenda tu farmasi na kitambulisho chake, dawa inatoka. Mama akauliza swali moja: "Sasa mimi nitabakia na nini mkononi?"

Nimelifikiria sana hilo swali, juu watu wanasema mbio eti wazee wanakataa maendeleo, wakati mama huyo huyo anapokea pesa kwa simu na makato anayajua kuliko mimi.

Kitu kinachonifanya niitetee hii ya elektroniki ni maandishi ya madocta. Mwaka jana mama aliandikiwa amlodipine, dawa ya tansiyo, kidonge 1 kwa siku, kijana wa farmasi akasoma 2, wiki nzima mama anakunywa mara mbili, miguu ikavimba, kichwa kinazunguka, mpaka tuliporudi kwa docta ndio tukajua. Ingekuwa imechapwa, nani angebahatisha?

Lakini angalia namna mzee wa Bukavu, kule Kongo, ananunua dawa. Anashuka kutoka Bagira na karatasi yake, anaingia farmasi ya kwanza Kadutu anauliza bei, anatoka, anaingia ya pili, halafu anasema "nipe ya siku tano kwanza, zingine nitarudia mtoto akituma kitu", na yule wa farmasi anaandika pembeni ya karatasi ngapi zimetoka. Ile karatasi ndio inamsaidia kupatana bei, na ndio daftari lake. Ukiitia ndani ya simu, simu yenyewe ni ya mjukuu, batri imekufa, umeme haujarudi tangu jana, basi mzee anabaki kubembeleza mjukuu ili anywe dawa yake mwenyewe, tena mjukuu anasoma ugonjwa ambao mzee hakutaka mtu ajue. Hii inaniuma kweli.

Na hata Ubelgiji hawakuruka ghafla. Imekuwa lazima tangu tarehe 1/1/2020, ila madocta waliokuwa wamefikisha miaka 64 siku ile waliachiwa waendelee na karatasi, na mgonjwa bado anaweza kuomba achapiwe. Mama mdogo wangu wa Brussels anaomba kila mara, juu ordonansi kule kawaida inadumu miezi 3 tu na bila karatasi anasahau ni lini inaisha. Kama docta mzee walimfikiria, mgonjwa mzee je?

Mimi naona ije, hata kesho, lakini ichapwe apewe mkononi, kwa herufi kubwa: jina la dawa, mara ngapi kwa siku, mpaka lini. Na waache nafasi pembeni ya kuandika vidonge vilivyokwisha kutoka, juu bila ile nafasi mama atarudi kuhesabu kwa kalamu nyuma ya bahasha.