Wati za lumbesa

Kwenye ubavu wa baiskeli yangu ya umeme kuna stika ya rangi ya dhahabu, imeandikwa 1500W. Niliinunua hapa hapa Mbeya, duka silitaji, na muuzaji aliniapia: "Hii kaka inapanda mpaka Kitonga." Kitonga sikufika. Asubuhi moja nilitoka nayo Uyole kuelekea Isyonje, nyuma nimefunga mzigo wa kilo kama 15. Nilipoipita Igawilo, barabara ilipoanza kupanda kikweli, mwendo ukashuka kutoka kilomita ishirini kwa saa hadi kumi na mbili, halafu mota ikakata. Niliigusa kwenye gurudumu la nyuma, mkono nikautoa haraka. Nikakaa pembeni robo saa nikisubiri ipoe. Bodaboda za petroli zilikuwa zinanipita na magunia ya viazi, mmoja akanipigia honi ya kunipa pole.

Kesho yake fundi wa Soweto aliifungua. Chini ya kiti akatoa kontrola, kifaa kinachopima umeme wa kuipa mota, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha maandishi: volti 48, ampea zisizozidi 22. "Sasa bro, wati elfu moja na mia tano zitatoka wapi?" Zidisha mwenyewe, maana volti mara ampea ndizo wati: 48 mara 22 ni 1,056, na hizo ni zinazoingia kwenye mota. Tukaipeleka kwenye kilima cha jirani, mita ikiwa imebana waya wa betri. Ilisoma ampea 21, lakini volti zilishuka mpaka 44, kwa kuwa betri ikikamuliwa hulegea. Hapo tuna wati 920 na ushee. Ukitoa kama sehemu moja ya tano inayopotea kuwa joto, gurudumuni zinafika mia saba na kitu. Nusu ya stika.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini mchezo huu tunaujua kwa jina jingine. Gunia la viazi linahesabiwa moja, lakini mnunuzi analishonea kilemba juu mpaka linapita kilo mia kwa mbali, na mkulima analipwa gunia lile lile moja. Lumbesa. Wakala wa Vipimo wamepigana nayo miaka mingi na bado utaikuta shambani. Nilipotoka kwa fundi nilikuwa nimeshajiambia kwamba nimeuziwa wati za lumbesa, tena mbaya zaidi, maana kilemba cha viazi kina viazi ndani, na hiki changu kina hewa.

Nilirudi dukani nikiwa na maneno makali. Nilitoka nikiwa nayo machache.

Wauzaji wana hoja, na ya kwanza ni ya kifizikia. Mota ya umeme haina kikomo kimoja cha nguvu. Ukiipa umeme mwingi inaupokea na kuzunguka kwa nguvu zaidi, mpaka joto liikatalie. Ndiyo maana kuna nguvu ya kilele, ambayo mota inaitoa kwa sekunde chache au dakika moja, na nguvu ya kudumu, ambayo inaweza kuishikilia bila kuungua. Kuli wa soko la Mwanjelwa anabeba gunia kutoka kibandani hadi kwenye Fuso, na hilo ni kweli tupu. Lakini mwambie alifikishe Tukuyu uone. Aliyeniuzia baiskeli alisema mota yenyewe ina uwezo wa 1500, ila kontrola ya kiwandani inaibana isiungue. Inawezekana kabisa. Tatizo langu ni kwamba mimi sikununua uwezo uliofungiwa kabatini.

Hoja ya pili ilinishika zaidi. Hata namba inayosifiwa kuwa ya kweli ina mbinu zake. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kusaidiwa na mota haihesabiwi kuwa pikipiki iwapo nguvu yake ya kudumu haizidi wati 250 na mota inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Basi viwanda vinaandika 250, vyote. Mota ya Bosch iitwayo Performance Line CX iliuzwa kwa miaka kadhaa kama ya wati 250, na kileleni ilikuwa inatoa karibu 600. Kule stika inapunguzwa ili sheria iridhike. Huku inaongezwa ili mteja aridhike. Marekani nao wana mstari wao: sheria ya mwaka 2002 inataka baiskeli ya umeme iwe chini ya wati 750 na, ikiendeshwa kwa mota peke yake, isifike maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Kwa hiyo baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya yenye stika ya 250 inaweza kuishinda mlimani mpya ya hapa yenye stika ya elfu moja, na mnunuzi asielewe kilichotokea.

Na petroli je? Boxer 150, ambayo kila kijiwe kinaiita cc 150, ina cc 144.8, na nguvu farasi zake 12 zinapatikana injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Ni dereva gani wa bodaboda anaishi kwenye mizunguko hiyo? Hakuna anayelalamika, kwa sababu pikipiki ina gia, na mlima ukikaza anashuka gia anaendelea. Baiskeli nyingi za umeme zenye mota ndani ya gurudumu hazina gia. Zikipanda polepole, mota inazunguka taratibu huku ikivuta umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Inapoteza zaidi pale pale inapohitajika zaidi.

Hapo ndipo naachana na wauzaji, na kinachotutenganisha ni muda. Dar es Salaam nguvu ya kilele ina maana: unaondoka kwenye taa, unavuka daraja, mota inapumzika. Huku kwetu mtu anapanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, au Uyole hadi Isyonje, na hakuna pa kupumzikia. Chukua pikipiki ya umeme ya kilo 110, dereva na abiria wa kilo 65 kila mmoja: jumla 240. Mlima wa kupanda mita 8 kwa kila mita 100, mwendo kilomita 30 kwa saa. Kuunyanyua uzito huo peke yake kunataka karibu wati 1,570 muda wote wa kupanda. Ongeza matairi na upepo, unakaribia 2,000. Mota ya 2000W ya kilele itafika hapo na kukaa dakika kadhaa. Mota ya 2000W ya kudumu itafika na mzigo. Stika zao ni moja.

Nisiionee teknolojia yenyewe, maana mwinuko unatusaidia. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kwa kukosa hewa ya kuunguza mafuta. Mota ya umeme haivuti pumzi. Ila hewa hiyo hiyo nyepesi inaipoza vibaya kidogo, kwa hiyo zawadi ina ushuru wake.

Tiba ipo, na haikubuniwa leo. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inataka mota ya umeme ipimwe nguvu inayoweza kuishikilia kwa dakika 30. Hapa nyumbani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na TBS, shirika la viwango, wapo. Lakini wanaounganisha baiskeli kwenye vibanda vidogo wanauliza nani atalipia kipimo cha maabara, na swali lao si la hila. Kipimo kikiwa ghali watabaki waagizaji wakubwa wawili watatu, na bei tutaijua sisi. Mimi ningeanza na kitu cha bure: andikeni volti na ampea za kontrola kwenye fremu, kwa herufi kubwa kama za stika. Haitasema yote, mota dhaifu nyuma ya kontrola kubwa itaungua tu. Ila hiyo ni namba ambayo fundi yeyote mwenye mita anaweza kuihakiki mbele ya mteja kwa dakika moja.

Baiskeli yangu nilishaamua kuiuza. Fundi alibandua stika ya dhahabu, akaandika kwa maka peni: V48, A22. Jumamosi alikuja kijana kuiangalia, akaizunguka, akapiga matairi teke, akasoma maandishi.

"Hii wati ngapi, mzee?"

Nikamwambia gurudumuni zinafika kama mia saba, na mlimani zinapungua kadiri inavyopata joto. Akanitazama kama mtu wa kuonewa huruma, akasema duka la ng'ambo ya barabara wanayo ya elfu mbili kwa bei hiyo hiyo. Akavuka.