Farasi wa Tennessee, punda wa Lamu: tuulize zawadi inalipia nini

Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, picha za mbio za punda za Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, zikianza kuzunguka mtandaoni, tulio huku Marekani tunajua maneno yatakayofuata. Kijana amekaa nyuma karibu na mkia, hana tandiko, ana fimbo mkononi. Chini yake mtu ameandika kwamba Waafrika hatuna huruma na wanyama. Mara nyingine mwandishi ni mwenzetu kabisa, aliyehamia huku akaona farasi wakivishwa blanketi usiku, basi akaamini kwamba huku mnyama kapata kwao. Huyo ningemwelekeza Shelbyville, Tennessee, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Nashville, ambako Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili si haba.

Shelbyville ndiko yanakofanyika tangu 1939 maonyesho makuu ya farasi aina ya Tennessee Walking Horse. Farasi huyu amezaliwa na mwendo wake. Ukwato wa nyuma hutua mbele ya alama iliyoachwa na wa mbele, kichwa kinainama na kuinuka kwa kila hatua, na aliyempanda hatikisiki. Mwendo huo haumuumizi hata kidogo. Lakini taji kubwa haliendi kwa mwendo huo, linakwenda kwa mtindo uitwao Big Lick: farasi anakalia makalio kama anayetaka kuchuchumaa, huku akirusha miguu ya mbele juu sana, mmoja baada ya mwingine. Malishoni hakuna farasi anayetembea hivyo.

Anafikishwaje hapo? Kwanza viatu. Chini ya kwato za mbele hupangwa soli za plastiki au ngozi, tabaka juu ya tabaka, zikakazwa kwa mkanda wa chuma unaopita juu ya ukwato. Kisha, juu kidogo ya ukwato, huvishwa mnyororo unaopigapiga mguu kila anapotembea. Kanuni za serikali zinaruhusu mnyororo usiozidi wakia 6, yaani gramu 170 hivi, kwa kila mguu. Hadi hapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Anayetaka mguu upae zaidi huongeza maumivu. Sehemu ile ile unapogonga mnyororo hupakwa mafuta ya haradali, dizeli au mafuta ya taa, ikafungwa kwa karatasi ya nailoni na bendeji, farasi akaachwa bandani dawa ipenye. Ngozi ikishalainika na kuwaka, kila mnyororo unapogusa, mguu unaruka. Wengine hawapaki kitu: huchonga ukwato mpaka karibu na nyama, au hukaza kitu kigumu kati ya wayo na soli, farasi akawa anakanyaga maumivu asiyoweza kuyaepuka. Ndiyo maana anakalia makalio. Anaikimbia miguu yake ya mbele, na waliokaa jukwaani wanapiga makofi wakidhani ni maringo.

Sheria ipo, tena ya siku nyingi. Bunge la Marekani lilipitisha ulinzi wa farasi hawa mwaka 1970, likairekebisha sheria hiyo 1976. Mkaguzi hubonyeza mguu kwa kidole gumba mbele na nyuma. Farasi akishtuka au kuuvuta, hashindani. Kuna pia kamera za kupima joto la ngozi, eksirei, na pamba inayofutwa mguuni ikapelekwa maabara. Ukisoma hayo tu utasema wenzetu wamemaliza kazi.

Wakufunzi wana majibu yao. Dawa ya ganzi hupakwa kwa saa maalumu, ili imalize nguvu baada ya ukaguzi na kabla ya kuingia uwanjani. Makovu huchubuliwa kwa asidi inayolainisha ngozi. Baya kuliko yote ni mazoezi ya nyumbani: mtu hujifanya mkaguzi, anabonyeza kidonda, na farasi akishtuka anapigwa kichwani. Baada ya muda farasi anajifunza kwamba kuonyesha maumivu kunaleta maumivu makubwa zaidi, basi siku ya ukaguzi anasimama kimya. Kipimo chenyewe ni kushtuka, na kushtuka kumeshafutwa kwa kipigo.

Tena marekebisho ya 1976 yalifungua mlango kwa vyama vya wenye farasi kuleta wakaguzi wao wenyewe. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kilimo aliandika mwaka 2010 kwamba karibu nusu ya makosa yalirekodiwa katika maonyesho machache ambayo madaktari wa serikali walihudhuria. Mwaka 2006 ukaguzi ulipobana, Shelbyville haikupata bingwa mkuu, kwa kuwa farasi wengi wa fainali hawakupita. Mwaka 2012 mkufunzi mashuhuri alikiri kosa mahakamani baada ya kurekodiwa kwa siri: faini ya dola 75,000 na miaka 3 ya uangalizi. Muswada wa kupiga marufuku soli na minyororo ulipita Baraza la Wawakilishi 2019 na tena 2022, Seneti haikuupitisha. Wizara ikatoa kanuni zake 2024. Mwisho wa Januari 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akabatilisha sehemu kubwa, kabla hazijaanza kutumika.

Kwa hiyo tatizo la Shelbyville halikutokana na ukosefu wa madaktari, vifaa wala sheria. Zawadi inalipia kitu ambacho kwa kawaida hupatikana kwa mateso. Maadamu jaji anampa utepe aliyeinua mguu juu zaidi, kila kipimo kipya kitatafutiwa dawa yake.

Olimpiki nako vivyo hivyo. Katika pentathloni, shindano linalounganisha michezo mitano, mchezaji alipewa farasi asiyemjua na dakika 20 za kuzoeana naye, kisha aruke vizuizi; na farasi akikataa, alama zinakatwa kwa mchezaji. Tokyo 2021 dunia ikaona farasi aitwaye Saint Boy akigoma, na mpandaji aliyekuwa akiongoza akilia na kumchapa. Baada ya Paris 2024 farasi wameondolewa kwenye mchezo huo. Sioni kwamba mpandaji yule alikuwa mkatili kuliko wengine. Alikuwa ndani ya mashindano yaliyopangwa vibaya.

Sasa turudi nyumbani, bila kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Punda wa Lamu anabeba mchanga, mawe na saruji. Kamba ya chini ya mkia ikiwa nyembamba hukata ngozi. Shogi, ile mifuko ya mizigo anayobebeshwa mgongoni, likilegea upande mmoja huchubua uti wa mgongo. Kidonda kikiachwa wazi, pepopunda haiko mbali. Anakula takataka jaani, na nailoni ikijikunja tumboni hufa kwa msokoto. Mbio zenyewe hukimbiwa kwenye sakafu ngumu ya ufukweni, watu wamejaa kando, na fimbo hupiga paja lile lile mwanzo hadi mwisho. Hayo ni makosa, na aliyeko Marekani akiyataja hajatuonea.

Ila zawadi ya Lamu inamlipa punda mwepesi mwenye afya. Punda mwenye ukwato mbovu hashindi. Ni tofauti kubwa, na watu wanaotuhukumu kwa picha moja hawaioni. Zaidi ya hapo, The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda lililofungua kliniki ya kuwatibu bure Lamu mwaka 1987, wamewahi kuandaa mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Hapo kinachotazamwa ni mwili. Unapitisha kiganja mbavuni: mbavu zihisike kwa kubonyeza kidogo, zisionekane kwa macho. Unainua mkia, unatazama mabega na sehemu inayokaa tandiko, unaokota kila mguu. Kisha unamsogelea kutoka mbele na kunyoosha mkono. Punda anayepigwa nyumbani hurudisha masikio na kugeuka, na hilo huwezi kulificha kwa kumwosha asubuhi ya mashindano. Shelbyville haina zawadi kubwa ya namna hiyo.

Ningeomba wanaosimamia mbio za Maulidi waunganishe haya mawili. Punda wakaguliwe na mganga saa moja kabla na mara tu baada ya kufika. Mbio ziwe alasiri jua likipungua, njia imwagwe mchanga, na fimbo zibaki kwa mwamuzi. Kijana mzito asipande punda mdogo, uzito upimwe papo hapo. Punda akifika wa kwanza na alama mpya ya kipigo au damu, zawadi iende kwa wa pili, na sababu itangazwe kwenye kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika.