Kodi ya nyumba ya mwaka mzima kwa mwanafunzi wa uzamili

Anayetoka Pemba au bara kuja Unguja kusoma uzamili huambiwa atafute chumba Tunguu, karibu na chuo. Ushauri huo unamfaa baadhi tu. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina makao makuu Tunguu, lakini afya inasomeshwa Mbweni na kilimo Kizimbani. Na tangu 2023 wapo wanaosoma uzamili Bweleo, kwenye tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India. Kwanza ujue darasa lako liko wapi, na kama ni la jioni, ujue gari ya mwisho ya kurudi mjini huondoka saa ngapi.

Dakhalia, yaani bweni la chuo, ni salama na kelele za mitaani hazifiki, nami simkatazi kijana asiye na familia. Ila mwanafunzi wa uzamili mara nyingi ni mtu mzima, mwalimu wa skuli au muuguzi, ana mke au mume na mtoto anayenyonya. Huyo lazima apange mtaani, na huko ndiko kwenye mtihani wenyewe: kodi ya miezi sita au mwaka, yote kwa mkupuo, na juu yake ujira wa dalali.

Nilipopanga Fuoni niliona ni dhuluma, mpaka mwenye nyumba, bi mkubwa mjane, aliponipeleka uani. Palikuwa na kuta za vyumba viwili zilizofika kwenye linta, majani yameota ndani. "Mwanangu," akaniambia, "kodi yako ndiyo mabati ya hivi." Watu wetu wengi hujenga hivyo, kidogo kidogo, bila mkopo wa benki. Kodi ya mwezi mmoja mmoja huishia sokoni. Ya mwaka huezeka nyumba. Tena mwenye nyumba anaogopa mpangaji atakayeondoka likizo asirudi.

Hoja yake ni nzito. Lakini yetu nayo ni nzito. Anayesomeshwa kwa mkopo hupewa fedha kwa mafungu, hana mfuko wa miezi 12. Na uzamili una jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: madarasa yakimalizika, mtu huenda kukusanya data. Mimi nilikaa Micheweni, Pemba, miezi minne, chumba cha Fuoni kimefungwa kufuli, kodi yake ishalipwa. Hata mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, tuliyokuwa tukiichangia vyumba vitatu, wenzangu walinidai sehemu yangu ya umeme nisioutumia.

Kwa hiyo naona kodi ilipwe kwa muhula, kwa mkataba ulioandikwa na nakala kuwekwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mpangaji aeleze mapema lini atakwenda utafiti. Akitaka kuondoka kabla, atoe taarifa ya miezi miwili au alete mwenziwe wa kushika nafasi. Chuo nacho kingeweza kuweka orodha ya nyumba zilizokaguliwa, ili mgeni asianze na dalali.

Silisemi hili kana kwamba halina gharama kwa upande wa pili. Mwaka wa pili bi mkubwa alinikubalia nilipe nusu kwanza. Chumba kimoja kikaezekwa. Cha pili kilinyeshewa masika yote, na mabati yake yalinunuliwa nilipomaliza nusu iliyobaki.