Jangwani ikijaa maji ndo utaelewa mtandao una mwili

Mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi Jangwani hapa Dar es Salaam pamefungwa, mabasi ya mwendokasi hayavuki, na watu wa Kimara na Magomeni wanaowahi Posta wote wanahamia Kigogo au Salenda, na huko nako panaganda. Ni bonde moja tu la Msimbazi lakini mji mzima unalisikia.

Kuna wanaosema mtandao wowote, uwe wa barabara, umeme au intaneti, ukitaka kuuelewa we angalia nani kaungana na nani, basi, habari za umbali na udongo waachie mafundi. Na hoja yao ina nguvu. Mwaka 1999 wanafizikia Barabási na Albert walionyesha kwamba kila mgeni anayeingia akipendelea kujiunga na wale wenye viungo, yaani miunganiko, vingi tayari, wachache watageuka vigogo wa kupindukia, na kurasa za wavuti kweli ziko hivyo. Viwanja vya ndege pia, kimoja kinaweza kupokea ndege za miji zaidi ya mia manake angani hakuna mtaro wala nyumba ya mtu ya kubomoa.

Sasa jaribu hiyo Ubungo. Pale inakutana Morogoro Road na Mandela na Sam Nujoma, mikono minne, likajengwa daraja la ngazi tatu likafunguliwa 2021, na bado ni mikono minne ileile. Huwezi kuleta barabara hamsini sehemu moja, kila moja ina upana wake na haipenyi ndani ya nyingine. Ubongo nao hivyohivyo, seli za neva kama bilioni 86 zimebanwa kwenye fuvu, ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula kama asilimia 20 ya nishati, kwa hiyo viungo vingi ni vya jirani na jirani, vile virefu ni vichache maana ni ghali.

Hata intaneti, ambayo tunaiona kama iko hewani. Kwenye karatasi SEACOM na EASSy ni nyaya mbili tofauti za intaneti za chini ya bahari, mmoja ukifa mwingine upo. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zikapata hitilafu siku moja, manake chini zimelala bahari ileile, na sisi huku tukakaa bila intaneti ya maana. Mchoro wa nani kaungana na nani usingekuonyesha hiyo hatari hata kidogo, na hapo ndo mimi naegemea upande wa mwili, yaani umbali, udongo na nafasi.

Ila hoja hii ya mwili isiwe kichaka cha kujifichia. Kigamboni tuliambiwa miaka na miaka ni maji, ni pantoni tu, halafu 2016 daraja likafunguliwa, kumbe maji yalikuwa yanangoja hela. Bahari ilichoamua ni wapi, yaani daraja likakaa Kurasini ndani huko, maana Magogoni meli zinapita. Na barabara zetu kuu, Morogoro, Bagamoyo, Nyerere, Kilwa, kuelekea zote katikati ya mji, hilo halijaletwa na udongo, limeletwa na bandari na wakoloni waliopanga mji uiangalie bandari, na sisi tukaendelea kuongeza njia juu ya mistari ileile.

Ndo maana nikisikia barabara inapanuliwa kuwa njia nane nauliza kwanza, mavuko ya Msimbazi yameongezeka mangapi?