Mabweni kwanza, semina baadae

Kwenye habari yenu mmeandika mimba za utotoni hapa Tanzania zimeshuka toka asilimia 27 mwaka 2015/16 mpaka 22 mwaka 2022, sawa hongera kwa serikali, ila njooni huku kwetu Chamwino vijijini, mkoa wa Dodoma, muone. Binti wa jirani yangu alikua form two, shule iko mbali, anatoka saa 11 alfajiri giza totoro, kijana wa boda akaanza kumpa lifti ya bure, mara buku ya chipsi, mara vocha, tukaja kushtuka tumbo hilo. Sheria inasema miaka 30 jela kwa anaempa mimba mwanafunzi lakini wazee walikaa wakamalizana kwa ng'ombe wawili, polisi walivyokuja kila mtu hajui kitu, hata mama mtu!! Kidogo ule waraka wa serikali wa 2021 wa kuwarudisha shule wanafunzi waliojifungua umesaidia, karudi darasani, mtoto anabaki na bibi, mchana anarudi mbio shati limelowa maziwa, na kuna mwalimu bado anamwita "mama nanihii" mbele ya wenzie. Sasa hizo hela za semina za mimba za utotoni mahotelini Dodoma mjini si zijenge mabweni jamani, hata ya vyumba viwili tu